Mchochea Moto wa Saa Nane

Saa nane na dakika kumi usiku Fengzhi aliamka, kama alivyoamka jana na juzi, na kila usiku tangu mumewe azikwe. Hakuhitaji kutazama saa. Alifumbua macho, akaiona dari, akajua.

Hakuthubutu kugeuka. Kitanda cha mbao alichonunuliwa na mwanawe kilikuwa kikilia kwa kila mgeuko, na ukuta uliomtenga na mjukuu wake Yutong ulikuwa mwembamba kama karatasi. Yutong alikuwa amebakiza miezi mitano kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na kwa ajili ya mtihani huo nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Miguu ya viti ilivalishwa soksi. Televisheni haikuwashwa tangu mavuno ya mahindi. Hata baba mtu, Hongtao, aliyekuwa na kikohozi cha sigara, alikwenda kukoholea kwenye ngazi.

Chini ya kitanda cha Fengzhi kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Aliletewa na mkwewe, Lijuan, baada ya jirani wa chini kugonga bomba mara tatu kwa sababu mtu amevuta maji ya choo usiku wa manane.

"Mama, usinielewe vibaya," Lijuan alisema siku ile, akiisukuma ile ndoo kwa mguu kana kwamba si yake. "Ni ya usiku tu."

Fengzhi hakukasirika. Mwanamke aliyewahi kuchinja nguruwe wawili kwa siku moja na jioni akapika hakasirikii ndoo. Lakini kila alipoichuchumalia gizani, akishika ukuta na kujibana ili isisikike sauti, alitamani ardhi ipasuke immeze. Na chini yake hapakuwa hata na ardhi. Palikuwa na yule jirani mgonga bomba.

Alirudi kitandani akalala chali. Mabomba ya joto yalitoa joto kavu, nyumba ikawa ya moto hata mtu angeweza kulala na fulana, ilhali nje theluji ilikuwa imeganda kwenye madirisha. Joto lote hilo na hakuna usingizi. Alimtaka mumewe. Hakumtaka kwa maneno makubwa. Alitaka tu awepo pale, upande wa kushoto, akikoroma kama trekta. Dehai alikuwa amekufa kwa kifua miezi kumi na minne iliyopita, na kutoka siku hiyo usingizi wa Fengzhi ulikatika mahali pamoja, kama kamba iliyoliwa na panya.

Saa kumi alisikia Lijuan akiamka kwenda sokoni. Alifumba macho haraka na kuanza kupumua kwa mpango.

*

"Mama, jana uliamka," Lijuan alisema saa tano asubuhi, akivua glavu. Alikuwa ametoka kwenye meza yake ya kuuzia pea zilizogandishwa, na barafu ilikuwa bado kwenye kope zake.

"Sikuamka."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia nikiwa nimelala."

"Mtu aliyelala hapumui vile. Unapumua kama mwizi."

Fengzhi aliendelea kukunja jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, akiubana kila ukingo kwa vidole viwili. Kwenye mlango wa jokofu palikuwa na karatasi aliyoiandika Yutong kwa mwandiko wake mzuri, maagizo ya daktari wa zahanati. Bibi asinywe chai baada ya saa sita mchana. Bibi asisinzie mchana. Bibi aoshe miguu kwa maji ya moto kabla ya kulala, maji yafike juu ya kifundo. Bibi anywe mchuzi wa mbegu za kunazi chachu. Na usingizi ukimtoroka kwa dakika ishirini, Bibi asibaki kitandani akigombana nao. Aamke, akakae penye mwanga hafifu, arudi macho yakiwa mazito.

Shauri hilo la mwisho lilimfaa mwenye jumba. Aamke, aende wapi? Sebuleni ndipo Yutong alipotandaza vitabu. Jikoni mlango ulikwaruza. Alikuwa amefuata yote mengine. Chai aliacha. Miguu aliosha mpaka ikawa myekundu. Mchuzi wa kunazi alikunywa chungu kizima, akapata kuharisha. Hongtao, mtoto mwenye huruma lakini mvivu wa kufikiri, alimnunulia godoro la umeme la yuan mia sita na themanini, likambanika ubavu mmoja kama kiazi kitamu.

"Mama, nina neno," Lijuan alisema. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa koti, akaiweka mezani, mbali kidogo na unga. "Ni ile nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kituo cha basi. Nimewapa mia tano watushikie kitanda mpaka tarehe ishirini."

Fengzhi alibana jiaozi. "Mia tano."

"Kuna wazee wenzako. Wanacheza karata. Usiku kuna mlinzi anakaa kwenye korido. Ukiamka unazungumza naye."

"Nitazungumza na mlinzi."

"Mama, usirudie maneno yangu namna hiyo." Lijuan alikaa. Sauti yake haikuwa ya ubaya. Ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. "Mimi naamka saa kumi. Mtu akinikatia usingizi saa nane, amenikatia siku nzima. Juzi mteja kanipa noti ya ishirini, nikamrudishia chenji ya mia. Jana nimesinzia nimesimama, mkono ukagusa jiko la kuotea. Ona. Na Yutong amepungua alama kumi na saba kwenye hesabu. Anasema ni swali lilikuwa gumu, lakini mimi namjua, anakusikia. Sasa nifanyeje? Nambie wewe uliye mkubwa, nifanyeje?"

Mkono wake ulikuwa na alama ya kuungua, nyekundu, ndefu kama kidole. Fengzhi aliitazama. Mwenzake alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma. Ingekuwa uonevu angeupigia kelele.

"Mpaka tarehe ishirini," alisema.

"Ukilala usiku mzima, hata siku tatu mfululizo, karatasi naichana. Mia tano wale wao."

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na moja.

*

Siku nne Fengzhi alijitahidi. Usiku alifumba macho na kukaa kama mti, ndoo hakuigusa, akajizuia mpaka kibofu kikauma. Lakini usingizi hauji kwa kubembelezwa, na kadiri alivyousaka ndivyo ulivyozidi kupaa. Usiku wa nne aliwasikia mwanawe na mkwewe wakinong'ona chumbani.

"Ni mama yangu," Hongtao alisema.

"Na yule ni mwanao."

Hongtao akaenda kukohoa kwenye ngazi.

Hapo Fengzhi akajua la kufanya. Daktari alikuwa mtu wa kusoma, lakini hakuwahi kumuuliza alikuwa akilala wapi zamani. Miaka arobaini na tatu alilala juu ya kang, kitanda kile cha matofali chenye moto chini yake, mgongo ukipata joto la udongo. Mabua ya mahindi yakiisha kuungua mtu hulala kama gogo. Angelalaje kwenye mbao zinazolia? Dawa alikuwa nayo, iko kijijini, na hakuna mtu aliyemuuliza.

Asubuhi, Lijuan akiwa sokoni na Yutong shuleni, alifunga blanketi moja la pamba kwa kamba, akachukua ufunguo wake wa zamani, akapanda basi la saa nne.

Kijiji kilikuwa nusu yake kimehamishwa. Kwenye kila ukuta palichorwa kwa rangi nyekundu alama ya kubomolewa, ndani ya duara, lakini mashine zilikuwa zinangoja ardhi iyeyuke. Nyumba yake ilisimama. Plastiki ya dirisha ilikuwa imechanika, mtu alikuwa ameiba mlango wa jikoni, lakini kang ilikuwa nzima. Aliweka kiganja juu yake. Ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi, na machozi yakamtoka kabla hajajua.

"Mjini wamekufukuza?" Alikuwa Ning, jirani wa siku zote, aliyekataa kuhama mpaka aongezewe fidia.

"Nimekuja kulala."

"Makubwa! Watu wanakwenda mjini kulala hotelini, wewe unatoka mjini kuja kulala kwenye nyumba ya kubomolewa."

Ning alicheka, lakini alileta vikapu viwili vya magunzi ya mahindi akavimwaga kwenye kibanda cha nyuma, pamoja na plastiki ya kuziba dirisha. Moto wa kwanza ulitoa moshi, kama kawaida ya bomba la moshi lililolala mwaka mzima. Fengzhi alichoma majani makavu mdomoni mwake mpaka likakumbuka kazi. Jioni ilipoingia udongo ulikuwa umeanza kutoa harufu yake. Alitandaza blanketi upande wa jiko, penye joto, akakaa na kungoja usiku kwa hamu, kama msichana anayengoja gwaride.

Aliyetangulia kufika alikuwa Lijuan. Alishuka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, uso umeiva kwa baridi, na mwenye pikipiki akaondoka bila kuaga.

"Mama! Tumekutafuta hospitali! Hongtao ametoka kazini analia barabarani kama mtoto! Kama si Yutong kusema 'angalieni ufunguo wa Bibi,' tungekuwa polisi sasa hivi!"

"Ningerudi kesho."

"Kesho ungekuwa umeganda."

"Gusa," Fengzhi alisema, akipiga kang kwa kiganja. "Gusa kwanza, halafu unitukane."

Lijuan aligusa. Aliacha mkono pale zaidi ya ilivyohitajika. Hapakuwa na basi tena na mwenye pikipiki alikataa kungoja, kwa hiyo alimpigia mumewe simu, akamfokea kidogo ili kujituliza, kisha akavua koti.

"Lala upande wa jiko," Fengzhi alisema. "Wewe ni mgeni."

"Lala wewe. Mimi ni mgeni gani? Niliolewa hapa hapa. Usiku wa harusi Ning alikuwa dirishani anasikiliza."

"Alisema hakusikia kitu."

"Hongtao alilala kabla ya wageni kuondoka."

Walicheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, halafu wakaona haya. Walilala wote wawili upande wa jiko chini ya blanketi moja, kila mmoja akijibana ukingoni mwake. Joto lilipanda kutoka chini, polepole, likaingia kiunoni mwa Fengzhi mahali palipokuwa pakimuuma tangu ahamie mjini. Akashukuru. Akalala.

Saa nane na dakika kumi akaamka.

Mwanzoni hakuamini. Aliusikiliza mwili wake: mgongo ulikuwa na joto, hakuna kinachouma, giza lilikuwa lile lile la miaka yote, hata harufu ilikuwa ile ile. Na macho yamekodoka. Basi si kitanda. Si mabomba, si chai, si ukuta mwembamba. Alikuwa amejiwekea tumaini moja tu duniani, na sasa limeisha, na tarehe ishirini iko pale pale. Alilia bila sauti, lakini blanketi lilikuwa moja.

"Mama?"

"Nimeamka, Lijuan. Kang ni ya moto, na nimeamka." Aliposhindwa kujizuia alisema yote. "Nipeleke tu kwa hao wazee. Nimejaribu. Naapa sifanyi kwa kusudi. Ni kama kuna mtu ananigusa bega ananiambia ngoja. Nami nangoja. Sijui nangoja nini."

Lijuan alikuwa mtu wa soko, hakufundishwa maneno ya kubembeleza. Baadaye alisema, "Moto unakufa. Magunzi yako wapi?"

"Kibandani, nyuma. Acha, usitoke. Hiyo ilikuwa kazi ya Dehai, kila usiku akiamka saa hizi kuongeza."

"Na sisi tufe kwa baridi kwa sababu Baba hayupo?"

Alitoka na raba za Fengzhi miguuni, bila soksi. Komeo liligonga. Theluji ililia chini ya hatua zake, kwenda, kisha kurudi. Kikapu kilitupwa chini. Chuma kilikwaruza majivu mdomoni mwa jiko, mtu akakohoa kwa moshi, akatukana kwa sauti ya chini, magunzi yakaanza kupasuka. Fengzhi alisikiliza yote hayo, na kifuani mwake kitu kilichokuwa kimekazwa kikaanza kulegea, fundo baada ya fundo. Aliijua kila sauti na mpangilio wake. Lakini hakukumbuka kuzisikia akiwa macho.

Blanketi likainuliwa. Baridi iliingia, kisha mwili, kisha nyayo mbili kama barafu zikatua kwenye mashavu ya miguu yake.

"Toa vyura wako hapo!" Fengzhi alifoka.

Yalimtoka yenyewe. Lijuan alishtuka akavuta miguu. "Samahani, Mama, sikuona..."

"Warudishe."

"Nini?"

"Warudishe, warudishe hapo walipokuwa," Fengzhi alisema, na sauti ilikuwa imeanza kumzama. Nyayo zilirudi kwa woga. Alizibana kati ya miguu yake, kama alivyozibana nyingine miaka arobaini na tatu, na kabla Lijuan hajauliza swali la pili, mama mkwe alikuwa anakoroma.

*

Jua lilikuwa limefika dirishani Fengzhi alipofumbua macho. Lijuan alikuwa bado amelala pembeni yake, macho mekundu, hajageuka.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Mguu wangu mmoja umekufa ganzi tangu jogoo wa kwanza. Mama, vyura ni nini?"

Fengzhi aliona haya, mwanamke wa miaka sitini na nane. Alitazama dari. "Baba yenu," alisema. "Alikuwa akitoka kuchochea moto bila soksi, mkaidi yule. Sikuwahi kumsikia akitoka hata siku moja. Nilikuwa naamka akirudi, akiniwekea miguu yake. Namtukana, halafu nalala. Kila usiku nilimtukana, Lijuan. Hata usiku wa mwisho kabla ya kumpeleka hospitali." Alilivuta blanketi hadi kidevuni. "Nilidhani nangoja moto. Kumbe ninyi wote mnanipa joto, na mimi nangoja baridi."

Lijuan alikaa akipiga mguu wake uliokufa ganzi. Kisha akasema basi la kwanza ni saa mbili na robo, na pea zake huko sokoni hazijiuzi.

Mjini hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Lijuan hakuichana karatasi. Ilibaki mfukoni mwa koti lake. Fengzhi aliosha miguu kwa maji ya moto, akanywa maji badala ya chai, akaingia kitandani kwa saa yake, na hakuwa na tumaini. Nyumba ya mjini haina moto wa kuchochea. Nani atoke, aende wapi?

Saa nane na dakika kumi aliamka. Aliitazama dari. Alikuwa ameanza kuipapasa ndoo aliposikia mlango wa roshani ukisukumwa, ule wa kwenye kabichi na pipa la mboga chachu, mahali ambapo sakafu huganda mpaka maji yakimwagika hayafutiki. Mlango ukafungwa. Kupitia kioo alisikia sauti ya mwanamke akihesabu kwa meno yanayogongana.

"Arobaini na moja... arobaini na mbili... mama yangu wee... arobaini na tatu..."

Mlango wa chumba cha wakubwa ulifunguka. "Lijuan?" Hongtao alinong'ona. "Una wazimu? Unafanya nini huko pekupeku?"

"Nenda kalale. Umenipotezea hesabu."

Chini, jirani aligonga bomba mara moja.

Fengzhi aliiachia ndoo. Alijisogeza ukutani, kitanda kikalia, akaliinua blanketi upande wa kushoto na kulishika hivyo. Alitaka kumwambia Lijuan asifanye hivi. Ana soko saa kumi, ataugua. Alitaka kumwambia maneno ambayo mama mkwe huwa hamwambii mkwe. Alikuwa bado anayapanga pale hewa ya baridi ilipoingia, na nyuma yake nyayo mbili zikamtua miguuni.

"Toa vyura wako hapo," alisema.

"Sitoi," Lijuan alisema, akijikunyata. "Nina baridi."

Hilo hakuwa amemsimulia. Ndilo jibu alilokuwa akilitoa Dehai. Fengzhi alitaka kumuuliza amelijuaje, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulala.